Nyumba ya udongo ya Georgia O'Keeffe kule Abiquiú: ikikandikwa upya kila mara, bado ni ile ile?

kalamu_ya_mkaa

Habarini wakuu. Kuna kitu kinanisumbua wiki ya tatu sasa naomba mnisaidie kukiweka sawa. Mimi nachora, mkaa na rangi za mafuta, na mwezi wa tisa nitakua New Mexico kule Marekani kwa siku nne kikazi, siku moja tu ndo yangu mwenyewe. Nilishaamua siku hiyo niende Abiquiú nikaone nyumba ya Georgia O'Keeffe. Mwenzangu ninaesafiri nae ananiambia naitupa siku yangu, niende makumbusho yake pale Santa Fe mjini nikaone picha zenyewe, huko kijijini ntaona kuta za udongo na viti basi.

Kwa wasiomjua, huyu mama kazaliwa 1887 kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa Wisconsin, akaja kua mmoja wa wachoraji wakubwa kabisa wa Marekani wa karne iliyopita. 1929 akaenda New Mexico majira ya joto na kuanzia hapo moyo wake haukurudi tena New York, kila mwaka akipata nafasi anarudi. 1940 akanunua kinyumba sehemu inaitwa Ghost Ranch, jangwani kabisa, maji ya shida na mboga hazioti. Alafu 1945 ndo akanunua hii ya Abiquiú kutoka kwa kanisa katoliki. Na alikua ameizungukia miaka mingi hawataki kumuuzia. Ilikua gofu jamani, paa limeingia ndani, kuta zimelika, mtu wa kawaida angepita bila kugeuza shingo. Yeye alichokitaka ni ukuta mmoja mrefu kwenye ua wa ndani wenye mlango. Mlango tu! Baadae akauchora huo ukuta na huo mlango zaidi ya mara 20, kuanzia 1946 na kuendelea, mwingine mweusi mwingine wa kijani, mwingine na wingu juu, mpaka kwenye zingine umebaki mraba tu katikati ya rangi ya udongo.

Sasa mimi huo mlango ndo unaniita. Ila hapo hapo nina wasiwasi. Nyumba ni ya udongo, tofali mbichi zilizoanikwa juani, kule wanaita adobe. Udongo unaliwa na mvua, unaliwa na theluji, lazima ukandikwe tena na tena. Alihama pale 1984 afya ilipokua mbaya akapelekwa Santa Fe, akafariki 1986 akiwa na miaka 98. Toka hapo ni miaka 40. Huo ukuta alioutazama yeye si utakua umeshakandikwa na watu wengine kabisa? Yaani naenda kuangalia ukuta wake au naenda kuangalia kazi ya mafundi waliokuja baadae? Na kama ni kazi ya mafundi, mwenzangu hana hoja kweli? Naomba majibu ya watu waliofika au wanaojua ujenzi, nitashukuru sana.

mtazama_mbali

Mkuu mimi nimefika, nenda. Tena panga leo leo maana hawakuruhusu kujiendea tu, ni lazima uweke nafasi mapema, watu wachache kila kundi, unapelekwa na gari lao hadi juu pale maana nyumba iko ukingoni mwa mlima mdogo wa bapa, chini yake bonde la mto Chama, na kijiji hakitaki msururu wa magari ya wageni jambo ambalo naliheshimu kabisa, wale watu wanaishi pale, wana kanisa lao na watoto wao wanacheza njiani.

Kuhusu kuta tupu na viti, mwambie mwenzako kwamba ni kweli kabisa na ndo utamu wake. Hakuna vitu vingi. Mawe ya mtoni kayapanga madirishani kwa saizi na rangi, mawe laini yale ya kushikika, aliyaokota mwenyewe kwa miaka na miaka. Kuna mifupa. Kuna mahali kwenye kibaraza cha ndani cha kukalia ameweka mifupa ya nyoka wa njuga chini ya kioo, imejikunja vizuri, unaweza kukaa pembeni yake unakunywa chai. Jikoni na stoo ya chakula ndo nilikaa nikiangalia mpaka wenzangu wameshatoka, vichupa vya viungo na majani ya dawa vimepangwa, mtu alikua anajali anachokula huyo. Na redio yake kubwa ya kusikilizia muziki, mziki aliupenda sana.

Alafu chumba cha kulala. Kidogo! Kitanda, ukuta wa udongo, na kona nzima ni kioo. Ukisimama pale unaiona barabara ya kwenda Santa Fe inavyojipinda bondeni, na hapo hapo nikaikumbuka picha yake ya 1963 ile ya barabara ya msimu wa baridi, mstari mmoja mweusi umepigwa kwenye weupe kama umechorwa kwa brashi ya wino. Nilikua naiona ile picha miaka yote nadhani ni kitu alichobuni kichwani. Kumbe ni dirishani kwake. Hakubuni kitu, alitoa tu kila kitu kingine akaacha barabara. Hilo jambo huwezi kulielewa ukiwa makumbusho Santa Fe hata ukae mbele ya picha siku nzima.

Mlango sasa. Ni mlango wa kawaida sana mkuu, jiandae. Nilisimama nikajiuliza ndo huu? Nikaangalia tena. Alafu jua likasogea kidogo, kivuli cha paa kikaanguka ukutani kwa mshazari na hapo ndo nikaona picha. Kwa hiyo usiende saa sita mchana jua likiwa utosini, chukua kundi la asubuhi au la jioni kama lipo.

Hilo swali la udongo nawaachia mafundi.

fundi_tofali_mbichi

Nimeitwa nimekuja. Mimi kazi yangu ni nyumba za udongo miaka 19 sasa, kurekebisha za zamani na kujenga mpya, kwa hiyo hili swali lako dada (au kaka samahani) limenigusa pabaya kwelikweli na nitajibu kwa kirefu.

Kwanza elewa ukuta wa udongo una vitu viwili. Kuna mwili wenyewe, zile tofali, upana wake unaweza kufika nusu mita au zaidi. Alafu kuna ngozi ya nje, ule udongo uliochanganywa na mchanga na majani makavu ya ngano, unakandikwa kwa mkono. Ile ngozi imewekwa ILI iliwe. Kazi yake ni kufa badala ya mwili. Mvua inapiga inaondoka kidogo, theluji inayeyuka inaondoka kidogo, wewe unakuja na udongo ule ule wa pale pale unarudisha kilichoondoka. Mwili wa ndani unabaki mkavu miaka 200. Kwa hiyo tofali alizozikuta O'Keeffe na alizoziongeza wakati wa ujenzi, kama nyumba inatunzwa vizuri ziko humo ndani mpaka kesho. Kilichobadilika ni ngozi, na ngozi hata yeye akiwa hai ilikua inabadilishwa. Hakuna mwaka ambao ukuta ule ulikua "wa mwanzo". Hata alipouchora mara ya kumi haukua ngozi ile ya mara ya kwanza.

Pili, na hapa ndo naomba watu wanisikilize. Ukitaka kuiua nyumba ya udongo ihifadhi kwa simenti. Utaona imependeza, imenyooka, haihitaji kukandikwa tena, kila mtu anapiga makofi. Simenti haipumui. Ikipata ufa mdogo kama unywele maji yanaingia, na mengine yanapanda kutoka ardhini, yakishaingia hayana pa kutokea maana nje kumezibwa, basi yanakaa kwenye tofali na tofali mbichi ikilowa inarudi kua tope. Kwa nje huoni kitu! Siku ukigonga unasikia mlio wa kitu kitupu, ukibandua lipu unakuta ndani kumekua uji.

Na sio hadithi ya vitabuni, hapo hapo New Mexico ilitokea. Kuna kanisa la San Francisco de Asís pale Ranchos de Taos, hilo O'Keeffe alilichora 1929 na 1930 kwa upande wa nyuma, ule mgongo mkubwa wenye vinundu vya udongo vinavyoegemea ukuta. 1967 wakalipiga lipu ngumu ya simenti wapumzike na kazi ya kila mwaka. Haikuchukua muda maji yakawa yanajifungia ndani, tofali zikaanza kuoza, na 1979 ikabidi wabandue yote na kurudi kwenye udongo. Toka hapo waumini wenyewe wanakusanyika kila mwaka kulikandika, wazee kwa watoto, udongo na majani na mikono. Kanisa limesimama. Watalii wanaopita wanadhani wanaangalia jengo la zamani, kumbe ngozi yake ni ya juzi juzi.

Mimi mwenyewe nimewahi kufanya hilo kosa. Mwaka wa tatu wa kazi yangu nilipewa nyumba ya mzee mmoja mchonga vinyago, alikua amefariki, familia inataka ibaki ya kumbukumbu. Nikaipiga simenti chini mita moja kuzunguka nyumba nzima nikijua namlindia mzee ukuta wake. Baada ya misimu michache upande wa karakana ukajikunja ukalala chini. Ukuta uliokua na alama za patasi zake, alikua anazijaribia pale pale ukutani. Hizo alama hazitarudi. Ndo maana nikisikia neno kuhifadhi nauliza kwanza, mmeweka nini ukutani?

msomi_wa_rangi

Fundi hongera kwa maelezo, umenifundisha. Ila mimi niko upande wa mwenzake na mtoa mada, na nasema kwa nia njema kabisa.

Hizi nyumba za wasanii zinatupa kitu ambacho msanii mwenyewe hakutuachia. Chukulia Giverny kule Ufaransa, nyumba ya mchoraji Claude Monet, nimeenda mara mbili. Watu wanalia machozi pale kwenye daraja la kijani. Monet alihamia pale 1883 akiwa mpangaji, 1890 akanunua, 1893 akanunua kipande kingine ng'ambo ya reli akachimba bwawa la mayungiyungi, akafariki 1926. Alafu nini kilitokea? Bustani ikaanguka. Mtoto wake Michel hakukaa pale. Blanche aliekua mtoto wa mkewe na pia mjane wa mwanae mkubwa ndo aliitunza mpaka alipofariki 1947, na baada ya hapo kwa miaka 30 hivi ikaachwa. Michel akafa kwa ajali ya gari 1966, nyumba ikaenda kwa Académie des Beaux-Arts, taasisi ya sanaa ya Ufaransa. 1977 alipokabidhiwa Gérald Van der Kemp, yule aliesimamia ukarabati wa Versailles, jumba la wafalme wa Ufaransa, alikuta panya wa majini wametoboa kingo za bwawa, daraja limeoza, sakafu na boriti zimeoza na kwenye studio kubwa miti imeota NDANI. Ikajengwa upya kwa hela nyingi za wafadhili wa Marekani na kufunguliwa 1980.

Kwa hiyo daraja unalopiga nalo picha Monet hakulikanyaga. Picha zilizotundikwa kwenye studio yake ya kwanza ni kopi, orijino nyingi alizobaki nazo Michel ziko makumbusho ya Marmottan mjini Paris. Maua yanapandwa upya kila mwaka na watunza bustani wa leo. Sisemi ni ubaya. Nasema ukiwa na siku moja tu maishani, je uende kuangalia kitu ambacho mkono wa msanii umekigusa kweli, yaani turubai aliyochorea picha, au uende kuangalia kitu kilichofanywa kifanane? Turubai ya O'Keeffe ya 1946 haijakandikwa upya na mtu. Ule mstari ni wake.

Na kuna lingine linaniuma zaidi. Pesa na nguvu zinazoenda kutunza kiti cha msanii aliekufa, wasanii walio hai hawana hata pa kuchorea.

bibi_wa_bustani

Mwanangu msomi_wa_rangi nimekusoma mara mbili. Kuhusu wasanii walio hai kukosa pa kufanyia kazi uko sahihi na sina la kukupinga. Kuhusu Giverny nakupinga, na nakupinga kama mtu aliefanya kazi ya bustani maisha yake yote.

Bustani ya Monet lini iliwahi kua ya mkono wa Monet peke yake? Alikua na watunza bustani sita au saba. Mmoja kazi yake ilikua bwawa tu, anaingia na mashua asubuhi kabla mzee hajaja kuchora, anayasafisha mayungiyungi, anatoa majani yaliyooza, anayaosha vumbi lililotoka barabarani. Vumbi lilimkera Monet mpaka akagharamia barabara ile iwekwe lami. Sasa niambie, zile picha kubwa za mayungiyungi tunazozistahi, nusu ya kilichomo ni kazi ya yule mtu wa mashua. Bustani haina orijino mwanangu. Ua la mwaka jana limekufa mwaka jana. Anaepanda leo kwa mpangilio ule ule, njano huku zambarau kule, akiangalia mwanga unavyoingia, anaendeleza kazi ile ile aliyokua anaifanya yule wa 1905.

Na kwa O'Keeffe ni hivyo hivyo watu hawasemi. Mbona aliitaka Abiquiú wakati Ghost Ranch alikua na nyumba tayari na ndo alikokupenda kwa mandhari? Kwa sababu ya MAJI. Ile nyumba ilikuja na haki ya kuchukua maji ya mfereji wa kijiji, wenyewe wanaita acequia, ule mfereji wa pamoja ambao kila mwenye shamba ana zamu yake, na kila mwaka wanatoka kuusafisha. Zamu yako ikifika unafungulia, maji yanaingia shambani yanalowesha mistari yote, zamu ikiisha unafunga. Kwa hiyo akapata bustani ya mboga na matunda, akala chakula cha mkono wake na cha mikono ya watu wa kijiji waliomfanyia kazi. Bustani ile mpaka leo inalimwa na inanyweshwa kwa mfereji ule ule. Mimi ningepewa siku moja ningekaa hapo mferejini ningewaacha na milango yenu.

Na ujenzi wenyewe pia. Aliesimamia kurudisha lile gofu ni dada mmoja Maria Chabot, kwa miaka kama mitatu hivi mpaka 1949. O'Keeffe alikua New York muda mwingi, mumewe Alfred Stieglitz alifariki 1946 na mirathi ikamshika kule, basi ni barua zinaenda na kurudi, dirisha hapa, meko pale. Na kukandika kuta walikandika wanawake, kule hiyo ni kazi ya wanawake toka zamani, wanalainisha kwa kiganja. Kwa hiyo mtoa mada unapouliza naenda kuangalia ukuta wake au kazi ya mafundi, jibu ni kwamba toka siku ya kwanza ilikua kazi ya mafundi. Yeye alikua na jicho.

mtazama_mbali

"Yeye alikua na jicho", bibi shikamoo, hiyo naibeba.

Niongeze kidogo tu. Kuna aina nyingine ya hizi nyumba watu hawaitaji, ile ya mchoraji Carl Larsson kule Sweden kijiji cha Sundborn. Baba mkwe aliwapa yeye na mkewe Karin 1888, kinyumba cha mbao kidogo, wakakipanua na kukipaka rangi kila kona, Karin akafuma mapazia na vitambaa na kubuni fanicha, Carl akachora watoto wao wakikua humo humo. Mpaka leo ni ya wajukuu na vitukuu, wana umoja wao wa familia, na kuna nyakati wanaitumia wenyewe. Kiti kinakaliwa. Nafikiri ndo maana picha zake ukizitazama baada ya kuiona nyumba hazionekani za zamani.

msomi_wa_rangi

Shikamoo bibi. Nimesoma nimekaa kimya nusu saa.

Lile la mtu wa mashua sikuwahi kulifikiria hivyo, nakubali. Bustani sawa, na ukuta wa udongo sawa kwa maelezo ya fundi. Ila bado nashikilia kwamba kuna mahali pa kuweka mpaka. Wakianza kuweka vitu ambavyo havikuwepo ili chumba kipendeze kwa mgeni, au wakiipaka nyumba rangi wanayodhani watu wanaitarajia, hapo tumeshaondoka kwa msanii tumeingia dukani. Kwa Abiquiú nakiri wana bahati, alivyoondoka 1984 vitu vyake vilikuwepo, hapakupita miaka 30 ya panya na miti kuota ndani. 1998 ikatangazwa kua alama ya kihistoria ya taifa na 2006 makumbusho yake ya Santa Fe ndo yakaichukua. Hapakua na pengo. Giverny ilikua na pengo, na pengo huwa linajazwa na kubahatisha.

fundi_tofali_mbichi

Hapo kwenye pengo msomi umegonga penyewe. Nyumba ya udongo haisubiri. Nyumba ya mawe unaweza kuifunga miaka 10 ukarudi ukaikuta. Ya udongo paa likivuja msimu mmoja tu, maji yanapita ndani ya ukuta kutokea juu, na paa za kule ni bapa, maji yanatolewa na vile vidomo vya mbao vinavyochungulia ukutani. Kidomo kimoja kikiziba kwa majani basi maji yanatuama juu, yanatafuta njia yake. Gofu alilolikuta O'Keeffe 1945 ndo lilivyokuja kua gofu, halikubomolewa na mtu, liliachwa tu. Paa kwanza, alafu kuta.

Kwa hiyo mimi nikisikia nyumba ya msanii "imehifadhiwa" nikilinganisha turubai na nyumba naona kazi mbili tofauti kabisa. Turubai unaizuia isiguswe. Nyumba ya udongo ukiizuia isiguswe imekufa. Aliegonga kengele ya mwisho kwenye hili ni wale waumini wa Ranchos waliokubali kurudia kazi ngumu ya kila mwaka baada ya kuonja miaka 12 ya simenti.

kalamu_ya_mkaa

Wakuu asanteni sana, bibi shikamoo, mmenipa zaidi ya nilichouliza. (Fundi mimi ni dada.)

Nimemsomea mwenzangu thread yote usiku huu. Amebaki na msimamo wake kwamba picha kwanza, na nadhani hana kosa, kwa hiyo tumekubaliana hivi, jioni ya siku ya kwanza tukimaliza kazi mapema tunaingia makumbusho Santa Fe pamoja, na siku yangu naenda Abiquiú peke yangu, ni kama kilomita 80 kuelekea kaskazini magharibi. Nimeshaweka nafasi, kundi la asubuhi kama nilivyoshauriwa. Nimeanza na mlango nikamaliza na mfereji, sasa vyote viwili navitaka.

Lile la alama za patasi za yule mzee limenikaa kooni fundi. Baba yangu nae alikua anajaribia rangi kwenye mlango wa stoo kabla hajaweka kwenye kitambaa, miaka yote, mlango mzima umejaa madoa. Mwaka jana ndugu walitaka kuupaka upya, nikawakatalia bila sababu ya kueleweka. Sasa ninayo.

Swali la mwisho fundi, nikiwa pale ua wa ndani niangalie nini kwenye ukuta? Sitaki kutoka nimeona mlango tu.

fundi_tofali_mbichi

Dada angalia chini. Watu wote wataangalia mlango, wewe shusha macho kwenye ule ukanda wa chini kabisa ukuta unapokutana na ardhi, kama urefu wa mkono toka kiwiko mpaka vidole. Hapo ndo ukuta wa udongo unapoumwa kwanza, matone yanaruka toka chini yanaula na unyevu unapanda. Ukikuta pana rangi iliyokoza tofauti kidogo na juu ujue pamekandikwa karibuni. Ukikuta pamelika kama pameng'atwa, muulize anaewaongoza watarudi lini na udongo.

Alafu simama pembeni ya ukuta, usisimame mbele yake, jua likiwa chini. Mwanga ukipita sambamba na ukuta utaiona mikono. Ni mabonde madogo madogo marefu, yanaenda upande mmoja, ni viganja hivyo. Kama una daftari chora hayo.

Na huo mlango wa stoo wa baba usipigwe hata vanishi. Ufute vumbi kwa kitambaa kikavu basi, na angalia bati la hapo juu yake kama halivuji.